UZI: MacBook ya mtumba kwa mwandika programu. Kagua kufuli kwanza, bei mtaongea baadaye

#1 Bwana_Kernel

Wakuu, swali la "hii Mac nichukue au niache" limetapakaa kwenye kila uzi humu, hata wa bei za mahindi. Tuliweke hapa mara moja. Nalenga anayenunua mashine ya mkono wa pili kwa ajili ya Xcode (zana ya Apple ya kujengea programu), Flutter, React Native (za kujenga programu za simu) au kazi za seva. Anayetaka ya kuangalia filamu tu asome aya ya kufuli, inamtosha.

Kwanza chipu. Mac zenye Intel zimefika mwisho wa reli. macOS 26 Tahoe, iliyotoka Septemba 2025, ndiyo ya mwisho kuzikubali, na hata hiyo inakubali nne tu: MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019, MacBook Pro ya inchi 13 ya 2020 yenye matundu manne ya Thunderbolt, iMac ya inchi 27 ya 2020 na Mac Pro ya 2019. MacBook Air ya Intel ya 2020 iliishia Sequoia. Air za 2018 na 2019 ziliishia Sonoma. Bei chee unayoiona Kariakoo au Luthuli ina sababu yake.

Kinachoumiza zaidi ni App Store. Kuanzia 28 Aprili 2026 inapokea programu zilizojengwa kwa SDK (seti ya zana za kujengea) ya iOS 26 kwenda juu, maana yake Xcode 26, na Xcode 26 haiingii kwenye macOS iliyo chini ya Sequoia 15.6. Air ya 2019 inawaka vizuri, kioo kinapendeza, ila kupandisha programu kwenye App Store haiwezi tena. Njia za kuilazimisha mfumo mpya kama OpenCore Legacy Patcher zipo, lakini mashine ya kazi usiijenge juu ya kiraka kinachoweza kugoma kila Apple wanapotoa sasisho.

Pili, jinsi ya kutofautisha. Air ya 2020 zipo mbili na kwa nje ni pacha: ya Intel na ya M1. Igeuze, soma maandishi madogo kwenye kifuniko cha chini. A2179 ni Intel. A2337 ni M1. Kama maandishi yamefutika, tazama kibodi: kwenye M1, F5 ina alama ya maikrofoni na F6 ina mwezi, kwenye Intel, F5 na F6 ni za mwanga wa kibodi. Nyingine za kukariri: A2681 ni Air ya M2 na A2442 ni Pro ya inchi 14 ya 2021. A2338 ni Pro ya inchi 13, nayo inaweza kuwa M1 au M2, kwa hiyo hiyo lazima uiwashe ufungue About This Mac.

Tatu, memori. RAM imo ndani ya chipu yenyewe, hakuna fundi wa kuiongeza. 8GB inabeba VS Code, kivinjari na seva ndogo. Ukifungua Xcode, simuleta na kivinjari kwa pamoja, mfumo unaanza kuazima nafasi kwenye diski na grafu ya Memory Pressure kwenye Activity Monitor inageuka njano. Android Studio na emuleta yake ndiyo kabisa. Chukua 16GB hata kama ni lazima ushuke kizazi kimoja: M1 yenye 16GB ni bora kwa kazi hizi kuliko M2 yenye 8GB. Apple wenyewe waliacha kuuza Air za 8GB Oktoba 2024.

Kuhusu kufuli naandika chini, ni refu.

#2 Bwana_Kernel

KUFULI. Ziko aina mbili, na watu wanazichanganya.

Ya kwanza ni Activation Lock, ya akaunti ya Apple ya mtu. Bonyeza Option ukiwa umefungua menyu ya tufaha, chagua System Information, ingia Hardware, shuka hadi Activation Lock Status. Ikiandika Enabled, mwenye akaunti aitoe mbele yako: System Settings, jina lake, Sign Out. Akisema nenosiri amesahau, kahawa na kwaheri.

Ya pili ni mbaya zaidi, usimamizi wa kampuni au shule, MDM. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa mali za ofisi nje ya nchi. Serial number ya mashine imesajiliwa kwenye mfumo wa Apple kwa jina la taasisi, na hakuna kufomati kunakofuta hilo. Mashine ikifutwa na kuunganishwa intaneti inauliza Apple, inajibiwa "hii ni ya fulani", inaleta skrini ya Remote Management.

Wauzaji wajanja wanaificha. Wanaweka mfumo bila intaneti, kisha wanaziba anwani za Apple za usajili kwenye faili la hosts. Unainunua, inafanya kazi miezi kadhaa, siku unapoifuta au kuweka mfumo upya kufuli inarudi. Kwa hiyo fungua Terminal, andika:

cat /etc/hosts

Faili safi lina mistari ya localhost na broadcasthost tu, pamoja na maelezo yanayoanza na alama ya reli (#). Ukiona deviceenrollment.apple.com, mdmenrollment.apple.com au iprofiles.apple.com, umeshapata jibu. Kisha:

profiles status -type enrollment
sudo profiles show -type enrollment

Ya pili inataka nenosiri la mashine na intaneti. Safi inajibu kwamba Client is not DEP enabled, yaani haimo kwenye usajili wa taasisi. Chafu inakumwagia jina la taasisi na hata simu ya idara yao ya kompyuta.

Kipimo cha mwisho, na hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote: futa mashine palepale dukani. System Settings, General, Transfer or Reset, Erase All Content and Settings. Ikiwaka upya iunganishe na hotspot ya simu YAKO. Usitumie Wi-Fi ya duka, kwa sababu ruta nayo inaweza kuzibwa anwani zilezile. Ukipita hadi kwenye kutengeneza akaunti bila kuona Remote Management wala Activation Lock, toa pesa. Inachukua kama dakika 15. Muuzaji anayekataa kufutiwa mashine anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

#3 Mchwa_wa_Data

Nondo hizo mkuu. Naongeza betri na diski.

Terminal: system_profiler SPPowerDataType. Tazama Cycle Count, Condition na Maximum Capacity. Apple wanasema betri za MacBook za sasa zimeundwa kubaki na hadi 80% ya ujazo baada ya mizunguko 1000. Mizunguko 300 na 88% ni ya kawaida. Mizunguko 12 na 100% kwenye mashine ya 2020 mara nyingi maana yake betri imebadilishwa. Uliza ni ya nani na iliwekwa na nani. Condition ikiandika Service Recommended, punguza bei ya betri mpya pamoja na ufundi.

Diski: imechomelewa kwenye ubao kwenye laptopu zote za M, ikifa imekufa na ubao. Weka Homebrew (kisakinishi cha zana za Terminal), kisha brew install smartmontools, halafu smartctl -a disk0. Angalia Percentage Used na Data Units Written. Mashine ya 8GB iliyotumikishwa na mtu wa video au wa Docker (ya kuendesha seva ndani ya makontena) inaweza kuwa imeandikwa terabaiti nyingi kuliko umri wake unavyoonyesha. Chini ya 10% hapo kwenye Percentage Used, lala usingizi.

Jambo moja wengi hawalijui: Air ya M2 yenye diski ya 256GB ina chipu moja ya kuhifadhi, M1 ya ujazo uleule ina mbili. Matokeo yake M2 hiyo inasoma karibu MB 1500 kwa sekunde wakati M1 inakaribia mara mbili ya hapo. Kwa matumizi ya kawaida huoni. Memori ikijaa na mfumo ukaanza kuazima diski, unaona. M3 ilirudi kwenye chipu mbili.

#4 dadaCode

Asanteni. Swali: ukaguzi wa vifaa wenyewe ukiwa umesimama dukani, unaanzia wapi? Maana kule mbele ya kaunta mtu unapewa dakika tano na jicho la muuzaji.

#5 Fundi_Pentalobe

Dada, anza na Apple Diagnostics, inajiendesha yenyewe wakati wewe unaongea bei. Izime. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka chaguo za kuanzia zitokee, kisha Command na D. ADP000 ni safi. PPT004 betri inataka huduma. Kwenye Intel unawasha huku umeshikilia D.

Baada ya hapo mikono yako:

Kioo. Fungua ukurasa mweupe ujaze skrini nzima, punguza mwanga hadi nusu, tafuta madoa na kivuli kwenye kingo. Halafu funga kifuniko taratibu hadi karibu na kufunga na urudishe. Picha ikicheza au ikizima kwa pembe fulani, waya wa kioo una tatizo, na kioo cha Mac ndicho kipuri kinachokula pesa kuliko vyote ukiacha ubao. Tazama pia chini ya kamera: vile vifuniko vya plastiki vya kamera huwa vinapasua kioo mashine ikifungwa, na Apple wametoa onyo rasmi juu yake.

Kidole. System Settings, Touch ID, ongeza alama. Ikikataa kabisa, huenda kitufe au kibodi imetoka mashine nyingine. Touch ID imefungwa na ubao wake wa asili, kwa kawaida fundi wa mtaani hawezi kuioanisha.

Matundu. Chomeka chaja kila tundu, kisha geuza kichwa cha kebo uchomeke tena. Tundu linalochaji upande mmoja tu wa kebo lina pini iliyoliwa, mara nyingi na unyevu wa chumvi. Mashine zilizokaa ukanda wa pwani karibu na dirisha naziona hivyo sana.

Spika kushoto na kulia, maikrofoni, kila kitufe cha kibodi. Kibodi ya kipepeo (butterfly) iko kwenye baadhi ya mashine za kati ya 2015 na 2019, ukiikuta kimbia.

Ukiruhusiwa kufungua: Air ya M1 ina skrubu 10 za pentalobe P5 chini. Ndani tazama rangi ya kijani au nyeupe ya kutu karibu na soketi za waya, na skrubu zilizokwaruzwa vichwa. Stika za maji zikiwa nyekundu, rudisha kifuniko umshukuru mwenye duka.

#6 kizimkazi

Mnaongea betri na kufuli, ila chaja ndiyo inaleta kesi nyingi. Mashine inauzwa na "chaja orijino" inayopata moto hadi unaweza kupasha chapati.

#7 Bwana_Kernel

Kweli kabisa. Habari njema ni kwamba Mac za M hazina ubishi, zinakubali chaja yoyote ya USB-C yenye Power Delivery.

Air ya M1 ilikuja na wati 30. Wati 45 au 65 haziiunguzi, inachukua inachotaka. Chaja ya simu ya wati 20 inachaji polepole, na ukijenga mradi mkubwa betri inaweza isipande. Pro ya inchi 14 ya 2021 ilikuja na 67 au 96. Ya inchi 16 ilikuja na 140, na wati 140 hizo kwenye ile ya 2021 zinapita MagSafe (tundu la chaja la sumaku) tu. Kwa USB-C inaishia 100.

Kebo ndiyo mchawi. Kebo ya USB-C isiyo na chipu ya utambulisho ndani yake inapitisha ampea 3, yaani wati 60, hata ukiichomeka kwenye chaja ya 100. Tafuta iliyoandikwa 100W au 240W. Na jua kwamba kebo nyeupe ya Apple ya kuchajia inahamisha data kwa kasi ya USB 2 tu, megabiti 480. Mtu anainunulia SSD ya nje kisha analalamika diski ni feki.

Ule mshtuko mdogo unaousikia kwenye bati la Mac unatokana na chaja ya pini mbili isiyo na waya wa ardhi. Umeme mdogo unavuja kupitia kapasita za kichujio ndani ya chaja. Hauui, lakini unakera. Kwa zile chaja kubwa zenye kitufe cha chuma pale kichwa kinapochomekwa, tumia waya mrefu wa pini tatu unaogusa kitufe hicho, na soketi ya nyumbani iwe na ardhi kweli. Kigeuzi cha bei poa cha kubadili plagi ya Marekani kuwa pini tatu kwa kawaida hakiunganishi ardhi, pini ya juu ni pambo.

Umeme ukikatika: betri ya Air ya M1 ni Wh 49.9. Power bank ya mAh 20,000 ni kama Wh 74 kwenye karatasi, ukitoa upotevu unapata kujaza mara moja hivi. Hakikisha imeandikwa PD na inatoa wati 45 kwenda juu kwenye tundu la USB-C.

#8 NairobiSwift

Na monita je? Nimeona watu wengi wakinunua Air ya M1 na skrini mbili kwa pamoja, halafu vilio.

M1 na M2 za kawaida, yaani zisizo Pro wala Max, zinaendesha monita moja ya nje kwenye laptopu. M3 Air inaendesha mbili ukifunga kifuniko. M4 Air inaendesha mbili kifuniko kikiwa wazi. Habu yenye HDMI mbili haibadilishi hilo: macOS haipanui skrini kupitia MST (njia ya kugawa waya mmoja kwa monita kadhaa), kwa hiyo HDMI zote mbili zinaonyesha picha ileile. Njia ya kuzunguka ni doki yenye chipu ya DisplayLink pamoja na programu ya DisplayLink Manager, ambayo lazima uipe ruhusa ya Screen Recording. Kwa kuandika programu inatosha. Kwa video inakata, na inakula prosesa kidogo muda wote.

Habu za bei ya chini zina HDMI ya 4K kwa hertz 30. Kipanya kinavuta kama kiko kwenye matope. Soma boksi: iandike 4K 60Hz. Ukishindwa, kebo ya moja kwa moja ya USB-C kwenda DisplayPort ni bora kuliko habu yoyote ya bei hiyo.

Maandishi kuwa na ukungu kwenye monita ya 1080p au 1440p si ugonjwa wa mashine. Apple waliondoa ulainishaji wa herufi wa zamani tangu Mojave, 2018. Kwa 1440p jaribu programu ya BetterDisplay uwashe HiDPI, herufi zichorwe kwa ukali zaidi. Kwa 1080p ya inchi 27, hakuna dawa.

#9 dadaCode

Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo na ambaye hatembei na mashine, Mac mini haimfai zaidi?

#10 Mchwa_wa_Data

Inamfaa sana. Mac mini ya M4 iliingia sokoni Novemba 2024 kwa dola 599 za Marekani ikiwa na 16GB na diski ya 256GB. Hakuna laptopu ya Apple ya mwaka huo iliyoikaribia kwa nguvu kwa kila dola. Inaendesha monita tatu. Matundu ya USB-A hakuna hata moja, weka pesa ya habu ya kibodi na kipanya cha zamani.

Haina betri, ndiyo kasoro yake kwa umeme wetu. Ila kilele chake ni wati 65, na ikipumzika inakula wati chache kuliko taa nyingi za nyumbani. UPS ndogo ya VA 650 inaibeba pamoja na ruta na monita ya wastani muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu. Usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyohiyo.

256GB zinaisha. Xcode, simuleta za iOS moja na mradi wa Flutter vinamega robo ya diski kabla hujaanza. Weka boksi la NVMe la nje la gigabiti 10. Usilipie la gigabiti 20, Mac za M1 hadi M4 hazitumii USB 3.2 Gen 2x2, litashuka hadi 10. Lifomati kwa APFS, mfumo wa faili wa Apple. Mtu akiliacha exFAT, viungo vya faili, symlinks, havifanyi kazi na npm (kisakinishi cha vifurushi vya JavaScript) inalia. Pia vipande vya exFAT kwenye diski kubwa ni vikubwa, mara nyingi kilobaiti 128, hivyo folda ya node_modules yenye faili 40,000 za kilobaiti mbilimbili inavimba hadi gigabaiti tano.

Usafi wa kila mwezi:

rm -rf ~/Library/Developer/Xcode/DerivedData/*
xcrun simctl delete unavailable

Kisha tazama folda ya iOS DeviceSupport iliyomo ndani ya hiyo ya Xcode, futa matoleo ya simu ambazo huna tena. Nafasi ikiwa bado haionekani, tmutil listlocalsnapshots / itakuonyesha nakala za Time Machine zilizojificha.

#11 Mzee_wa_Terminal

Vijana, mnaohama kutoka Mac ya Intel kwenda M kwa kutumia Migration Assistant, sikilizeni. Inahamisha kila kitu, pamoja na Homebrew ya zamani iliyoko /usr/local. Ile inaendeshwa kupitia Rosetta, kitafsiri cha programu za Intel, na inavuta kila kitu chini. Kwenye M, Homebrew inakaa /opt/homebrew.

Kagueni: which brew. Ikijibu /usr/local/bin/brew, toeni orodha kwa brew bundle dump, wekeni Homebrew mpya, ongezeni mstari huu kwenye ~/.zprofile:

eval "$(/opt/homebrew/bin/brew shellenv)"

kisha brew bundle mahali lilipo faili la Brewfile. Mkimaliza fungueni Activity Monitor, safu ya Kind. Chochote kinachoandika Intel kitafutieni toleo la Apple. Mara nyingi ni JDK (zana za Java): Gradle (kijenzi cha programu za Android) inayochukua milele kwenye M inaendeshwa na Java ya Intel. Wekeni JDK ya arm64 (ya chipu za Apple), na Android Studio iwe ile ya Mac with Apple chip, na picha ya emuleta iwe ARM 64.

Rosetta kamili itakuwepo hadi macOS 27. Baada ya hapo Apple wamesema watabakiza sehemu yake kwa michezo ya zamani. Plagini ya ofisini isiyo na toleo la ARM anzeni kuisumbulia sasa.

Docker: picha za amd64 (za Intel) pekee zinaendeshwa kwa uigaji. Kama ni lazima, wekeni --platform linux/amd64 na muwashe chaguo la Rosetta kwenye Docker Desktop. Na anayetaka Windows, Boot Camp haipo kwenye M. Tumieni mashine pepe: UTM ni ya bure, VMware Fusion imekuwa bure kwa wote tangu Novemba 2024, zote zinabeba Windows ya ARM.

#12 kizimkazi

Mzee shikamoo. Tuje kwenye mkate sasa. Mashine nimepata, akaunti ya Apple Developer ya dola 99 kwa mwaka ni lazima kabla ya kupata kazi?

#13 NairobiSwift

Kujifunza, hapana. Akaunti ya Apple ya bure inakuwekea programu kwenye iPhone yako mwenyewe, ila saini inakufa baada ya siku 7 na programu haziwezi kuzidi tatu kwa simu. Kuonyesha mwajiri kazi kwa TestFlight, huduma ya Apple ya majaribio, lazima ulipe. Ukilipa unapata wajaribu wa nje hadi 10,000, kila toleo linaishi siku 90, na saa 25 za Xcode Cloud kwa mwezi. Hizo saa zinamsaidia sana mwenye mashine dhaifu, ujenzi unafanyika kwao.

Usajili wa mtu binafsi: jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasi au kitambulisho, herufi kwa herufi, kwa sababu ndilo litaonekana dukani kama muuzaji. Kadi iwe imeruhusiwa manunuzi ya mtandaoni, benki nyingi huku hufunga hilo mpaka uombe. Usajili wa kampuni unataka nambari ya D-U-N-S (utambulisho wa kampuni wa kimataifa), na jina la kampuni lifanane na lililoko BRELA (msajili wa kampuni Tanzania) au kwa msajili wa Kenya.

Ukishaingia, jiunge na Small Business Program. Makato yanashuka kutoka 30% hadi 15% kwa wanaoingiza chini ya dola milioni moja kwa mwaka. Haiji yenyewe, unaomba. Pia jaza fomu ya kodi ya W-8BEN ndani ya App Store Connect, bila hiyo mkataba wa programu za kulipia haufunguki.

Sasa yanayorudishwa na wakaguzi, kwa programu za kwetu hasa:

Kuingia kwa nambari ya simu na OTP. Mkaguzi yuko mbali, hana laini ya +255 wala +254. Weka nambari ya majaribio yenye OTP isiyobadilika kwenye seva yako, uiandike kwenye sehemu ya App Review Information. Usipofanya hivyo unarudishwa kwa kanuni ya 2.1 na siku zinaondoka.

Malipo. Bidhaa za kushikika, usafiri, chakula, tiketi za basi: M-Pesa, Mixx by Yas (zamani Tigo Pesa) na wenzao ruksa. Maudhui ya kidijitali, kozi zilizorekodiwa, usajili wa ndani ya programu: huko wanataka ununuzi wa Apple. Watu wanachanganya duka la kanga na duka la vitabu vya PDF kwenye programu moja halafu wanashangaa.

Kufuta akaunti. Tangu 30 Juni 2022, programu inayofungua akaunti lazima iwe na njia ya kuifuta ndani yake. Kitufe cha "tupigie simu tukufutie" hakitoshi.

#14 dadaCode

Kwa anayetafuta kazi ya mbali, matangazo yanataka nini hasa? SwiftUI (njia mpya ya Apple ya kujenga skrini) peke yake inatosha?

#15 Mzee_wa_Terminal

Marahaba kizimkazi. Binti, kwa miradi mipya inatosha. Ila kampuni zinazoajiri zina msimbo wa miaka kumi, na humo UIKit, njia ya zamani, ndiyo inatawala. Jua kuweka skrini ya SwiftUI ndani ya UIKit kwa UIHostingController na kinyume chake. Jua async/await, na ujue kwa nini Swift 6 inakataa kupitisha kitu kisicho Sendable (salama kushirikishwa) kutoka uzi mmoja wa kazi kwenda mwingine. Hilo linaulizwa sana tangu itoke Septemba 2024. Jua kuhamisha mradi kutoka CocoaPods kwenda Swift Package Manager (visimamizi vya maktaba za msimbo). Hifadhi kuu ya CocoaPods itafungwa kuandikwa 2 Desemba 2026, kwa hiyo kazi za kuhama zipo nyingi na wazoefu wa nje hawazipendi. Hapo ndipo pa kuingilia.

Wa Mac yenyewe, siyo iPhone, ni wachache zaidi. Ukijua kusambaza programu nje ya App Store una mtaji. Unaituma kwa Apple ikaguliwe (notarization), kisha unaibandikia kibali:

xcrun notarytool submit Programu.zip --keychain-profile "jina" --wait
xcrun stapler staple Programu.app

Kosa la kawaida ni kusaini fremu za ndani baada ya programu ya nje. Saini ianze ndani kwenda nje, na Hardened Runtime iwashwe, la sivyo inarudi Invalid. Ukiona hivyo, notarytool log pamoja na nambari ya ombi itakutajia faili lenyewe. Ukiacha hatua hii, tangu Sequoia mtumiaji hawezi tena kuipita kwa kubonyeza Control; anapelekwa hadi Privacy & Security kutafuta Open Anyway, na wengi hawafiki.

Saa: EAT ni saa moja au mbili mbele ya Berlin, saba au nane mbele ya New York. Omba Ulaya kwanza kama hutaki vikao vya usiku wa manane.

#16 Mchwa_wa_Data

Naongeza tahadhari kwa wanaotafuta kazi. Kuna mtindo wa "usaili" feki: unatumiwa mradi wa GitHub kama mtihani, unaambiwa npm install kisha run. Hati zilizojificha kwenye package.json zinaiba manenosiri ya kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Kabla ya kuendesha chochote soma scripts zote, hasa preinstall na postinstall, na tumia npm install --ignore-scripts. Bado una wasiwasi, endesha kwenye mashine pepe ya UTM isiyo na akaunti zako.

Mwingine ni ukurasa unaosema "thibitisha wewe si roboti", halafu unakuambia ubandike amri kwenye Terminal. Programu za wizi (stealer) za Mac kama Atomic zinasambazwa hivyo. Dirisha likitokea ghafla likitaka nenosiri la mashine mara baada ya hapo, zima intaneti, badilisha manenosiri kwa kutumia kifaa kingine.

Na mwajiri anayetaka utume pesa ya "laptopu ya kampuni" kwanza, huyo hana kampuni.

#17 kizimkazi

Swali la mwisho: muuzaji ana Pro ya inchi 14, A2442, 16GB, diski 512GB, mizunguko 410, betri 84%, faili la hosts safi. Lakini sudo profiles show haijibu kitu, inazunguka tu. Anasema mtandao mbovu.

#18 Bwana_Kernel

Usiikubali hivyo. Washa hotspot yako, jaribu tena. Safi inajibu ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuzunguka wakati Safari inafungua kurasa nyingine, kuna kitu kinaziba. Tazama System Settings, Network, Filters, na DNS ndani ya Details za Wi-Fi. Vyovyote itakavyokuwa, malizia kwa Erase All Content and Settings mbele yake. Ikipita, mizunguko 410 na 84% ni mashine ya kuchukua, chipu ya M1 Pro bado ina pumzi na inaendesha monita mbili bila doki. Mwambie akupe na chaja ya 67 kwenda juu, siyo ya simu.

#19 kizimkazi

Amesema anaifuta kesho asubuhi, niende na hotspot yangu. Nitaleta picha ya skrini hapa.

#20 Fundi_Pentalobe

Nenda na kebo yako ya USB-C pia, ujaribu matundu yote matatu pamoja na MagSafe.